Dondoo muhimu: Kumhamisha paka kutoka ugali na dagaa hadi chakula cha dukani

Paka aliyezoea ugali na dagaa ukimwekea ghafla bakuli la punje kavu, tumbo litamvurugika, au atanusa tu na kuondoka. Mpe siku 7 hadi 10. Siku 2 au 3 za mwanzo changanya robo ya chakula kipya na robo tatu ya kile cha zamani. Kisha nusu kwa nusu. Kisha kipya kiwe robo tatu. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma.

Akigoma, ishawishi pua yake. Loweka punje kwa vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, subiri dakika 5 harufu ipande. Supu ya dagaa waliochemshwa bila chumvi husaidia sana. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu: vyote huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Nawasihi wafugaji, msimshindishe njaa eti atazoea. Paka asiyekula kwa siku 2 au 3, hasa aliyenenepa, anaweza kujaa mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Zikipita saa 24 hajagusa kitu, mrudishie chakula chake cha zamani na umpigie daktari wa mifugo.

Maji safi yawepo muda wote, kwani punje kavu zina unyevu wa takriban asilimia 10 tu. Soma mfuko, utafute neno taurini. Macho na moyo wa paka hutegemea kirutubisho hicho, na ugali hauna.