Fremu Moja, TIN Mbili

Kuanzia Mbuyuni mjini Moshi hadi Kiboriloni, fremu moja hubeba riziki ya watu wawili au watatu: cherehani mlangoni, marobota ya mitumba ukutani, kidirisha cha wakala wa fedha za simu pembeni. Pango wanachanga, LUKU wanachanga. Mambo huharibika wanapochangia na TIN, namba ya mlipakodi. Neno kodi lenyewe linachanganya, maana mwenye fremu anadai kodi na Mamlaka ya Mapato (TRA) nayo inadai kodi.

Je, mpangaji wa fremu anatakiwa kutoza kodi ya ongezeko la thamani (VAT)?

Wengi wao, hapana. Tangu 1 Julai 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 200 kwa mwaka; kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100. Mawakili, wahasibu na wahandisi hujisajili hata wakiwa chini ya hapo. Asiyesajiliwa haruhusiwi kumwongezea mteja VAT.

Na mama anayeshusha ndizi mbichi kutoka Kibosho?

Mazao ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT. Kodi ya mapato bado ipo.

Wawili wakitumia TIN moja, kuna ubaya gani?

Hapa ndipo hela inapopotea. Chukua fundi cherehani mwenye mauzo ya milioni 9 kwa mwaka na jirani yake wa mitumba mwenye milioni 6. Kila mmoja akiwa na TIN na kumbukumbu zake, fundi hulipa kodi ya mapato ya 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani jumla 150,000. Wa mitumba hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Wote wawili ni 210,000.

Mauzo yote yakipita kwenye TIN ya fundi, TRA inaona mtu mmoja wa milioni 15. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo yote kwa wanaozidi milioni 11 hadi milioni 100. Hiyo ni 525,000, na deni lina jina la fundi peke yake, hata jirani akihama usiku.

Kumbukumbu ni nini hasa? Kauntabuku inatosha kuanzia: tarehe, sketi ya shule 12,000, zipu na nyuzi 2,500, na risiti za manunuzi zimebanwa nyuma. Fundi huyo huyo asiyeandika hutozwa 250,000 badala ya 150,000. Laki moja kwa daftari si jambo la kupuuza.

Mwenye fremu anataka pango lote. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango ni ya nani?

Ni kodi ya mwenye fremu, ila mpangaji wa biashara ndiye anayeikata na kuipeleka TRA. Pango la 200,000 kwa mwezi likilipwa miezi sita mkupuo ni milioni 1.2, mwenye fremu anapokea 1,080,000 na TRA inapata 120,000. Wapangaji wengi huona aibu kumkata mzee wa Machame aliyewapokea vizuri, lakini wasipokata, watadaiwa wao. Jambo hilo lizungumzwe kabla ya kusaini, si siku ya kulipa. Mwenye fremu aliyesajiliwa VAT huongeza VAT juu ya pango, na mpangaji asiyesajiliwa hawezi kuirudisha.

Mkataba uandikwe jina la nani?

Wote wawili, na kiasi cha kila mmoja. Akiandikwa mmoja tu na akapokea pango la mwenzake, fedha hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake.

Anayeshiriki TIN ya jirani leo aombe yake kabla mwaka haujaisha. TRA huitoa bure.