Kabla hujampa fundi ukuta wa mlimani

Kwenye miinuko ya Mwanza au Goba, ukuta wa kuzuia udongo mara nyingi huangushwa na maji yaliyokosa njia nyuma yake. Ukipokea makadirio, usikimbilie jumla ya chini. Tafuta kwanza kokoto za kujaza nyuma, mabomba ya kupitisha maji ukutani, na mtaro unaoonyesha maji yataishia wapi (si kwa jirani!). Visipoandikwa, hiyo ni bei ya nusu ukuta. Kina cha msingi na unene wa nondo viandikwe kwa vipimo; “kazi yote” si kipimo. Ukuta ukizidi mita 1, mlipe mhandisi achore, kisha mafundi wote wakadirie mchoro uleule. Na udongo usirudishwe kabla hujayaona mabomba kwa macho yako.