SOMO LA UFUNDI: VALVU ZA FILTA YA DIZELI



Katika somo hili tutajifunza kufunga valvu za kichwa cha filta ya dizeli kwenye magari ya shamba, kama Land Rover na Land Cruiser za zamani. Somo hili si la fundi na dereva peke yao. Linamhusu pia kila anayepakiwa nyuma ya gari. Injini ikizimika mlimani, msaada wa breki unaotokana na injini huisha baada ya kukanyaga mara chache, na pedali inakuwa ngumu. Katika njia za matope za mashamba ya chai, kama zile za upande wa Fort Portal nchini Uganda, hayo ni maisha ya watu.

Njia ya mafuta

Dizeli hutoka kwenye tangi, huvutwa na pampu ndogo, hupita kwenye filta, huingia pampu ya nozeli, kisha hufika kwenye nozeli. Mafuta yanayozidi hurudi kwenye tangi. Pampu za nozeli za aina nyingi hulainishwa na dizeli hiyo hiyo. Kwa hiyo uchafu na hewa haviizimi injini tu, bali huiua pampu, ambayo ni spea ya bei kubwa.

Valvu ni nini?

Valvu ni mlango wa upande mmoja: ndani mna springi na gololi au kisahani. Zipo za kazi mbili. Ya kwanza huzuia mafuta yasirudi nyuma. Kwa kawaida imo ndani ya pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ya pili ni valvu ya kurudisha mafuta. Hufunguka shinikizo likizidi, na hewa hutoka pamoja na mafuta hayo.

Hatari iko hapa: kwa magari mengi valvu ya kurudisha inafanana kwa nje na boliti ya kawaida yenye tundu. Boliti hiyo itaingia na kukaza vizuri, lakini haina springi. Mafuta yatakimbilia tangini, na gari litakosa nguvu penye mzigo na mlima.

Kazi yenyewe

1. Simamisha gari mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, ngoja injini ipoe, ondoa waya wa betri. Sigara mbali.

2. Osha kichwa cha filta kwa nje kabla ya kulegeza chochote. Vumbi likiingia upande wa pili wa filta, hakuna cha kulizuia tena.

3. Tia alama kila bomba na kila valvu kabla ya kutoa. Usitegemee kumbukumbu.

4. Jaribu valvu kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo. Ya kuzuia ipitishe hewa upande mmoja tu. Ikipitisha pande zote mbili, imekufa.

5. Fuata mshale uliochorwa kwenye valvu au kichwa cha filta. Kama hakuna mshale, fuata alama zako na kitabu cha gari.

6. Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za jicho la bomba, na oringi mpya. Anza kukaza kwa mkono, ndipo spana. Kichwa cha filta mara nyingi ni cha aluminiamu. Ukilazimisha, nyuzi zinakatika.

7. Legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha kaza ukiendelea kupiga.

8. Washa injini, kagua kila kiungo. Kabla ya pampu ndogo, kiungo kibovu hufyonza hewa bila kudondosha mafuta. Baada yake, hudondosha.

Onyo: usiweke mkono karibu na nozeli au mabomba yake injini ikizunguka. Dizeli pale hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mkono unaweza kukatwa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, useme ni dizeli ya shinikizo.

Nani alipe?

Gari likizimika, mara nyingi dereva huambiwa ameua pampu, na mshahara hukatwa. Kabla ya kukubali, gari lichunguzwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Gari linalowaka asubuhi kwa taabu huenda mafuta yake yamerudi tangini usiku kwa valvu mbovu. Dereva aandike dalili hiyo kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe, siku anapoiona. Kama washa na valvu ziliombwa zikanyimwa, kosa si lake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisiwe gharama ya mfanyakazi.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kuna tofauti gani kati ya valvu ya kurudisha na boliti yenye tundu?
2. Katika karakana yenu, washa mpya hutolewa, au za zamani hurudishwa?
3. Daftari la gari liko wapi, na nani hulisoma?