Kabla hujanunua simu au modemu, jua mtandao unavyoitambua

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara wa Getanuwas, wilayani Hanang, anayefuata simu za kuuza Katesh, Babati au Arusha huuliza mambo matatu: bei, betri na kioo. Somo la leo linaongeza swali la nne, na hilo ndilo linalolinda mtaji: je, mtandao utakikubali kifaa hiki?

Tuanze na hesabu. Tuseme umenunua simu 10 kwa Sh. 60,000 kila moja. Mtaji wako ni Sh. 600,000. Ukiziuza zote kwa Sh. 85,000 unapata Sh. 850,000, yaani faida ya Sh. 250,000 kabla ya nauli. Lakini wateja 4 wakirudisha simu kwa kuwa mtandao umezikataa, na ukawarudishia fedha zao, mauzo yanabaki Sh. 510,000. Umepata hasara ya Sh. 90,000, na jina lako limeharibika kijijini.

Yaliyotokea mwaka 2016

Hili si jambo la kufikirika. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza kuwepo kwa rejista kuu ya namba za utambulisho wa vifaa vya mawasiliano. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2012. Mwenye duka aliyekuwa na simu bandia kwenye kabati siku hiyo alibaki na mali isiyopiga wala kupokea.

Namba 15 na hesabu yake

Kila simu halali ina namba ya utambulisho, IMEI, yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# utaiona. Tarakimu 8 za kwanza zinaonyesha aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja, na ya mwisho ni ya kukagulia. Ya mwisho hupatikana kwa hesabu ambayo hata asiye na kompyuta anaiweza.

Chukua namba 49015420323751 yenye tarakimu 14. Kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hadi ya 14. Jibu likifika 10 au zaidi, jumlisha tarakimu zake mbili: 18 inakuwa 9, na 14 inakuwa 5. Kisha jumlisha zote, zilizozidishwa na zisizozidishwa. Utapata 52. Ili kufikia 60 zinahitajika 8, basi tarakimu ya 15 ni 8. Simu ikionyesha nyingine, namba hiyo imebuniwa.

Namba inaweza kuigwa

Hata hivyo, msomaji asidhani hesabu hiyo inatosha. Mfugaji wa Hanang anajua kwamba chapa ya ng'ombe humtambulisha mwenye mali, lakini mwizi mwenye chuma kinachofanana anaweza kuiiga. IMEI nayo ni chapa. Mtengenezaji wa simu bandia anaweza kunakili namba halali ya simu nyingine na kuipachika kwenye maelfu ya simu zake. Hesabu itakubali, ilhali simu ni bandia.

Kwa sababu hiyo laini ya simu hutambuliwa kwa njia nyingine. Ndani yake mna ufunguo wa siri, na nakala ya ufunguo huo iko kwa kampuni ya simu. Laini inapojiunga, mtandao huipelekea namba ya kubahatisha. Laini huikokotoa kwa kutumia ufunguo wake na kurudisha jibu. Kampuni hufanya hesabu ileile upande wake, na majibu yakilingana, mlango unafunguliwa. Siri yenyewe haipiti hewani hata mara moja, hivyo anayesikiliza njiani hapati cha kunakili.

Cheti ndani ya modemu

Getanuwas intaneti hutoka mnarani, lakini kwenye miji mikubwa kama Nairobi iko pia inayofika majumbani kwa waya wa televisheni ya kebo, kupitia modemu. Modemu hizo hufuata kanuni ziitwazo DOCSIS. Mwanzoni modemu ilitambuliwa hasa kwa namba yake, nayo ikaigwa kama IMEI inavyoigwa. Toleo la 1.1 la mwaka 1999 likaleta cheti.

Kiwandani, modemu hupewa ufunguo wa siri na cheti cha kielektroniki. Cheti hutaja namba ya modemu na ufunguo wake wa wazi, na husainiwa na mtengenezaji. Cheti cha mtengenezaji nacho husainiwa na mamlaka ya juu inayotambuliwa na kampuni zote za kebo. Modemu ikiwashwa, mtambo wa kampuni hukagua saini hizo hadi juu, kisha huipelekea ufunguo wa mawasiliano uliofungwa kwa namna ambayo ni siri ya modemu hiyo peke yake inayoweza kuufungua. Aliyenakili cheti bila siri hupata kifurushi asichoweza kukifungua.

Wapo waliofanikiwa kunakili vyote viwili, cheti na siri, kutoka kwenye kumbukumbu ya modemu. Ndiyo maana kampuni huangalia pia kama modemu moja inaonekana mahali pawili kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 mahakama ya Boston, Marekani, ilimfunga miaka 3 mfanyabiashara aliyeuza modemu zilizochezewa.

Ushauri kwa mnunuzi

1. Linganisha IMEI ya kwenye kioo, ya chini ya betri au mgongoni, na ya kwenye boksi. Zikitofautiana, usinunue.

2. Tuma IMEI kwenda 15090, namba iliyotangazwa na TCRA. Jibu likitaja aina tofauti na simu uliyoshika, namba imeazimwa.

3. Modemu au rauta ya mtumba, uliza kwanza kampuni itakayokupa huduma kama itaisajili. Inaweza kuwa na cheti kizuri na bado ikakataliwa kwa kuwa imefungwa kwa kampuni nyingine, au ni mali ya kampuni iliyomkodishia mteja wa awali.

4. Fundi akikuahidi kubadili IMEI, kataa. Ni kosa kisheria, na ushahidi utakuwa dukani kwako.

5. Dai risiti yenye IMEI ya kila simu. Bila hiyo huwezi kumrudishia aliyekuuzia.

Kifaa cha mawasiliano hakina thamani ya plastiki na kioo tu. Thamani yake kubwa ni kukubaliwa na mtandao, na hiyo hukaguliwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Jipime: tarakimu ya 15 ya namba 35209900176148 ni ipi? (Jibu: jumla ni 49, hivyo ni 1.)