Kuwakumbuka Waliotutangulia

Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alifariki Makka takriban mwaka 619. Miaka mingi baadaye, Mtume (S.A.W.) alipochinja kondoo, alikuwa akimkata vipande na kuwapelekea wanawake waliokuwa rafiki zake marehemu. Aliyetuhadithia haya ni Bibi Aisha, aliyeolewa baada ya kifo hicho. Naye akakiri kuwa hakumwonea wivu mke mwenziwe yeyote kama alivyomwonea huyo aliyekwisha kuzikwa.

Basi tazama, ewe msomaji: kumbukumbu hiyo haikuwa kilio wala karamu, ilikuwa ni nyama iliyotoka mlangoni ikaenda nyumba za watu. Sisi twafanyaje? Mama akifa, arobaini hupikwa pilau, hata kwa kukopa. Lakini shoga yake aliyekuwa akija kila Ijumaa, nani aendaye kumjulia hali?

Abdallah bin Omar alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda wake na kilemba chake, kwa kuwa baba wa bedui huyo alikuwa rafiki wa Sayyidna Omar. Wenziwe waliona amezidisha. Mabedui, walisema, huridhika na kidogo!

Watoto wetu twawaita majina ya babu na nyanya zao, wala hawajui wazee hao walimfadhili nani, wala jamaa zao wa Lamu au Takaungu ni kina nani. Mpeleke mtoto kwa shoga wa nyanya yake, sahani mkononi, naye atasikia huko habari ambazo nyumbani hapana tena azijuaye.