Mpanda Ngazi Hushuka: Namna ya Kuandaa Mfululizo wa Mbio za Vilima Katani

Wilaya yetu ya Lushoto haina uhaba wa vilima. Mji wenyewe uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu wa Magamba unapanda hadi kupita mita 2,000. Mahali kama hapa, kijana anayependa kukimbia huwa amekwisha kufanya nusu ya mazoezi kabla hajavaa viatu vya mazoezi. Thamani ya mafunzo ya namna hiyo imedhihirika kwa jirani zetu: Victor Kiplangat wa Uganda alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017, na mwaka 2023 akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest.

Makala haya yanaeleza jinsi klabu ya mbio ya kata inavyoweza kuandaa mfululizo wa mbio za vilima kila mwaka. Mfululizo ni mashindano kadhaa mafupi yanayofanyika katika vilima mbalimbali ndani ya msimu mmoja, ambapo alama za kila mkimbiaji hujumlishwa mwishoni. Hauhitaji uwanja wala zawadi kubwa. Unahitaji nidhamu, hasa nidhamu ya kuhesabu watu.

Kwa nini kuhesabu

Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Wakiwa juu, hali ya hewa ilibadilika ghafla: upepo mkali, mvua ya baridi na mvua ya mawe. Wengi walikuwa wamevaa kaptula na fulana nyepesi. Watu 21 walifariki dunia, na miongoni mwao walikuwamo wakimbiaji hodari kabisa. Mchungaji wa kondoo aliyekuwa amejihifadhi pangoni aliwaokoa sita.

Mbio za kata ni fupi mno kulinganisha na zile, lakini funzo ni lile lile. Mlima haumjali bingwa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kazi ya mwandaaji ni kuhakikisha kwamba kila aliyepanda ameshuka kweli.

Msimu na vilima

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, na vuli, yaani Oktoba hadi Desemba. Mteremko wenye tope huvunja miguu, na njia ya mguu inayokanyagwa na watu wengi ikiwa imelowa hugeuka mfereji unaobeba udongo wa shamba. Miezi ya Juni hadi Septemba inafaa zaidi, ingawa asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi na ukungu. Mbio sita, moja kila baada ya wiki mbili au tatu, zinatosha kwa msimu mmoja. Msipange mbio asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa hiyo ni siku ya usafi, na zingatieni pia siku za ibada na za gulio katika kijiji husika.

Anzeni na kilima kifupi, mbio ndefu zije baadaye. Watoto wawe na njia yao fupi, na washiriki kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Kumbukeni kwamba kupanda humchosha mkimbiaji, bali kushuka ndiko humwangusha. Sehemu ya kushuka yenye mawe au kona kali iwekewe msimamizi, au mstari wa kumalizia uwekwe kileleni na watu washuke kwa kutembea.

Ruhusa

Klabu isajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Afisa Michezo wa Wilaya atawaelekeza. Kisha mpelekeeni Mtendaji wa Kata ratiba ya msimu mzima pamoja na mchoro wa kila njia. Polisi wapewe taarifa mapema, hasa pale njia inapokata barabara ya magari. Kama njia inaingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, ombi lipelekwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Ruhusa inayosahauliwa mara nyingi ni ya mwenye shamba. Njia zetu nyingi hupita kando ya matuta ya kabichi, karoti na viazi. Mwendeeni kila mwenye shamba nyumbani kwake, mwonesheni mahali watu watakapopita, na siku ya mbio wekeni kamba pembeni mwa mazao. Mkulima aliyeombwa kwa heshima mwaka huu ndiye atakayefungua njia mwaka ujao.

Daftari la mbio

Mali bila daftari huisha bila habari, na wakimbiaji ni zaidi ya mali. Kila mshiriki aandikwe jina, umri, kijiji, namba ya simu ya ndugu yake, na maradhi yoyote kama pumu au kifafa. Apewe namba ya kifuani ambayo hataiazima wala kumpa mwingine. Hesabu ifanyike mara tatu: mstari wa kuanzia, kileleni na mstari wa kumalizia.

Tuchukue mfano. Waliojiandikisha ni 64, lakini walioanza ni 61, kwa sababu watatu hawakufika. Kileleni zimeandikwa namba 61. Waliomaliza ni 58, na wawili wameripoti kwamba wameacha mbio. Hamsini na nane ukijumlisha na wawili ni 60. Mtu mmoja hajulikani alipo. Daftari la kileleni linatuonesha namba yake, na linatueleza jambo la pili lenye thamani kubwa: kwa kuwa alipita kileleni, atafutwe upande wa kushukia tu. Bila daftari lile, watu wangezunguka kilima kizima.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ya klabu iwe hii: anayeacha mbio lazima aripoti kwenye mstari wa kumalizia kabla ya kwenda nyumbani. Anayeondoka kimya akose mbio zinazofuata. Adhabu hiyo si kali, kwa maana kuondoka kwake huwaingiza wenzake kwenye ukungu kumtafuta mtu anayekunywa chai nyumbani. Zawadi zisitolewe, wala meza isikunjwe, mpaka hesabu zilingane.

Muda wa mwisho

Wasimamizi wabaki njiani hadi saa ngapi? Kanuni iliyotungwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892 inasaidia. Kwa vipimo vya leo, humhesabia mtembeaji saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 400 itahitaji dakika 96 na dakika 40, jumla saa 2 na dakika 16. Mbio zikianza saa 1:00 asubuhi, mtu asiyeonekana hadi saa 3:16 aanze kutafutwa. Nyuma ya wote awepo mfunga msafara, mtu mzoefu mwenye filimbi, simu, maji na shuka zito, ambaye hampiti yeyote.

Mtoa huduma ya kwanza awepo kila mara, na zahanati ya karibu ijulishwe siku na saa. Mkubaliane mapema ni gari la nani litakalombeba majeruhi. Ukungu ukizidi hata msimamizi wa kwanza haoni wa pili, mbio ziahirishwe.

Alama na fedha

Katika mbio sita, hesabuni matokeo manne bora ya kila mkimbiaji, ili anayeugua au anayefiwa asipoteze msimu wake. Kila mwanachama asimamie njia angalau mara moja, na siku hiyo apewe wastani wa alama zake. Hivyo hakuna atakayekwepa usimamizi kwa kuogopa kushuka kwenye msimamo.

Kiingilio kiwe kidogo, kila malipo yawe na stakabadhi, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata baada ya kila mbio.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa klabu

1. Ni vilima vipi sita katani mwetu vina njia isiyoharibu mazao?
2. Nani atashika daftari kileleni, na nani atakuwa mfunga msafara?
3. Kutoka kileleni hadi zahanati, majeruhi atafikishwa kwa muda gani?
4. Nani mwenye mamlaka ya kuahirisha mbio, hata kama mgeni rasmi amekwisha kufika?

Klabu iliyo na majibu ya maswali haya inakaribishwa kufika kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Michezo wa Wilaya, ikiwa na ratiba na michoro yake mkononi.