Meno bandia ya chini yanapolegea

SWALI: Mama aliwekewa vipandikizi viwili kwenye taya la chini ili vishike meno yake bandia. Mwaka haujaisha, yanachomoka akila. Tudai vishikizo vinavyobana zaidi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Vipandikizi viwili si kazi ya ubahili. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza hivyo hivyo kwa taya la chini lisilo na jino. Kinacholegea kwa kawaida ni kipete cha nailoni kilichomo ndani ya meno bandia. Kimefanywa laini makusudi, kichakae chenyewe ili kichwa cha chuma kilicho juu ya kipandikizi kisalimike. Anayevua meno kila baada ya mlo huyachomoa zaidi ya mara elfu moja kwa mwaka, na majaribio ya maabara yanaonyesha nguvu ikishuka kadiri hesabu hiyo inavyopanda. Kubadilisha nailoni ni kazi ndogo, msiihesabu kuwa hasara.

Kukimbilia nguvu zaidi sikushauri. Vishikizo vya Locator, kwa mfano, vina nailoni za rangi: ya buluu hubana kwa takriban gramu 680, ya waridi 1,360, isiyo na rangi 2,270. Mzee mwenye baridi yabisi ya vidole akipewa hiyo ya mwisho atashindwa kuyavua usiku, na meno yasiyovuliwa hayasafishiki, fizi zikavimba. Mtasema afadhali tabu hiyo kuliko aibu ya meno kutoka mbele ya wageni. Sawa, ila kwanza ijulikane yanatokaje. Nailoni huzuia meno kunyanyuka, si kuyumba. Nyuma ya taya, kusiko na vipandikizi, mfupa huendelea kusinyaa. Meno yakakosa pa kukalia, yakawa yanapanda na kushuka kila tonge, yakizisaga nailoni. Mwombeni daktari abonyeze magego kwa kidole: mbele kukinyanyuka, kitako cha meno kijazwe upya kwanza, la sivyo hata nailoni kali haitadumu. Vishikizo vya aina nyingine navyo vina kasoro zake. Mhimili wa chuma unaounganisha vipandikizi una klipu zinazochakaa, tena uchafu hujificha chini yake. Sumaku huvulika kirahisi, lakini hubana kidogo na huliwa na kutu mate yakipenya.

Msiyaloweke kwenye jiki, maana klorini imeonekana kudhoofisha nailoni hizo. Na kikicheza kile chuma chenyewe kwenye fizi, msingoje miadi. Mpelekeni mama mara moja.